Viti Viwili Mbele ya Ubao

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili usije ukasoma hadi katikati ukitegemea kwamba nitageuka shujaa.

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa na miaka thelathini na mitano, mke, watoto watatu, na kazi ya ualimu katika shule ya msingi upande wa Sengerema. Kazi hiyo niliipata enzi za UPE, elimu ya msingi kwa wote, wakati walimu walipohitajika kwa haraka kiasi kwamba kijana aliyemaliza darasa la saba alipewa mafunzo mafupi na boksi la chaki, akaambiwa ingia. Niliingia. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyeniuliza elimu yangu inaishia wapi. Kisha zikaja habari za kupunguza wafanyakazi. Kiwanda kimoja mjini kikafungwa, ofisi nyingine ikabaki na karani mmoja, na pale shuleni watu wakaanza kusema, bila kunitazama, kwamba sasa ni zamu ya walimu wa UPE. Nikawa naamka alfajiri na kuhesabu walimu walionizidi elimu.

Ndipo ilipokuja barua ya semina. Mradi mmoja wa wafadhili ungefundisha mbinu mpya za darasani, siku tano, Mwanza mjini, na mwisho wake ripoti ya kila mwalimu ingepelekwa ofisi ya elimu ya wilaya yake. Haikusema ripoti hiyo ni ya nini. Haikuwa na haja ya kusema. Chini kabisa kulikuwa na sharti: hairuhusiwi watu wawili wa familia moja kuhudhuria, na watakaobainika watarudishwa, majina yao yakitangulizwa wilayani pamoja na maelezo. Nasikia semina iliyotangulia kuna mwalimu mkuu aliyeijaza shemeji zake watupu.

Mimi sharti hilo halikunisumbua. Nilipiga pasi shati, Jumapili nikafika Busisi, nikapanda kivuko. Tulikuwa tumebanana kama kawaida ya pale. Mgongoni mwangu kulikuwa na mama mwenye tenga la nyanya, ameniegemea kifua kizima. Mbele yangu mwanamume mmoja alinikanyaga, akasema samahani, akaendelea kunikanyaga. Katikati ya kivuko kulikuwa na lori la marobota ya pamba, la mmoja wa wale wanunuzi wapya waliokuwa wakigombania pamba kila kijiji mwaka ule. Nilikuwa nikilitazama lori hilo bila sababu, nikaona upande wa pili wa magurudumu yake miguu miwili yenye viatu vyeusi vya kamba. Viatu hivyo nilivijua. Nilivinunua mimi mwenyewe, akavipeleka Gladness, mke wangu, kwa mama yake.

Hapa inabidi nieleze, kwa faida ya asiye Msukuma. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali mmoja mbele ya macho ya mwingine. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Si uadui, ni heshima kubwa kuliko zote, na anayeivunja hupoteza mahali pa kuweka uso wake katika koo mbili. Siku hizi wapo wanaojidai kusahau. Mimi ni mtoto wa mfugaji, sikulelewa kusahau. Mama wa nyanya akiniegemea kivuko kizima hainihusu, yule ni mtu tu. Mkwe si mtu tu.

Nililigeuzia lori mgongo haraka. Sauti ya mkwe ikanifikia kutoka upande wa pili, taratibu, kama anayeongea na marobota.

"Baba Kija."

"Shikamoo mama," nikayaambia maji.

"Marahaba. Unakwenda wapi na shati la pasi?"

"Semina, mama. Ya mbinu mpya."

Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Mkwe wangu, Mwalimu Bernadeta, alikuwa amefundisha miaka ishirini na sita, katika kata nyingine, na alikuwa amebakiza michache astaafu kwa heshima.

"Barua yangu inasema hivyo hivyo," akasema. "Na lile sharti umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Ukirudi nyuma leo utaandikwa umekaidi. Nami hivyo hivyo." Akakohoa. "Basi tukishuka tu Kigongo, ng'ambo, sisi hatujuani."

Nikakubali. Lilikuwa jambo rahisi mno, kukaa mbali na mtu ambaye maisha yangu yote ya ndoa nilikuwa nimekaa naye mbali. Hapo ndipo tulipokosea.

Semina ilifanyika katika darasa la shule moja iliyo juu kwenye mawe, ambako ukisimama dirishani unaliona ziwa lote. Walimu tulikuwa ishirini na sita. Mratibu alikuwa Mwalimu Msafiri, mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Mtaalamu alikuwa mama mmoja kutoka Denmark, Birgit, mrefu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha baadhi yetu. Siku ya kwanza Ngosha, mwalimu mwenzetu kutoka Magu, alimfuata kumsalimu, akaushika mkono wake, akaendelea kuushika huku akimweleza habari za shule yake, kama tunavyofanya wote. Mama Birgit akarudi nyuma hatua moja. Ngosha akasogea. Akarudi tena, Ngosha akasogea tena, mpaka mama wa watu akafika ubaoni na mgongo wa gauni lake ukafuta nusu ya somo la asubuhi. Tulicheka siku nzima. Nilikuwa bado naweza kucheka.

Yeye huyo huyo ndiye aliyekuja kutufundisha ukaribu. Alisema madarasa yetu yana umbali mkubwa, mwalimu kule mbele na fimbo yake, mtoto huku nyuma na hofu yake, na kwamba mtu hujifunza vizuri kwa yule aliyemkaribia na kumtazama machoni. Madawati yakaondolewa, viti vikapangwa duara, tukaambiwa tukae wawili wawili, magoti kwa magoti, kila zoezi na mwenzi mpya. Hayo ya fimbo alisema kweli, sibishi. Ila jambo moja hakuliona. Kwake nafasi kati ya mtu na mtu ilikuwa ileile kwa wote, urefu wa mkono, na akitaka kufundisha anaipunguza kwa wote sawasawa. Kwetu hakuna nafasi moja. Kuna ya rafiki, ambaye naweza kumshika mkono kutoka sokoni hadi nyumbani. Kuna ya baba. Kuna ya mkwe. Kabla ya kukaa unauliza kwanza huyu ni nani wangu. Na mimi nilikuwa nimesema huyu si mtu wangu.

Basi ukawa mchezo wa paka na panya. Duara likizunguka upande wa mkwe, mimi nilikuwa na kiu ghafla, natoka. Duara likizunguka upande wangu, yeye alikuwa ameangusha kalamu. Jumatatu yeye alikunywa chai, mimi nikajifanya nasoma ramani ya Afrika ukutani. Jumanne nilikunywa mimi, yeye akakaa juani nje na kitabu cha nyimbo. 

Jumanne hiyo hiyo, baada ya chai, Mwalimu Msafiri aliingia na karatasi. Akasoma majina mawili, Teodora na Chenge, akasema imebainika hawa ni mtu na kaka yake. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Teodora alilia akikusanya madaftari. Chenge aliomba radhi, akaeleza kwamba wanafundisha shule tofauti, wilaya tofauti, na kila mmoja aliteuliwa kivyake. Ilikuwa kweli, na haikusaidia. Walitoka na mabegi yao, tukawaona kupitia dirishani wakishuka kwenye mawe, dada mbele kaka nyuma. Mlango ukafungwa, tukaendelea na somo la kuaminiana.

Tangu saa hiyo sikuwa na amani. Nilihesabu ni Wasukuma wangapi mle ndani. Walikuwa kumi na tatu, na kila mmoja wao alikuwa na macho. Jumatano Ngosha alinikuta bombani, akasimama begani kwangu, akafungua maji yatoke kwa nguvu.

"Yule mama wa viatu vya kamba ni mkweo," akasema.

Niliyatazama maji. "Simjui."

"Sawa, humjui. Ila mwanangu, mtu asiyemjua mwenzake hamkwepi namna hiyo. Unamkwepa kwa adabu mno." Akafunga bomba. "Mimi sisemi. Lakini Mzungu anaandika."

Alikuwa akiandika kweli. Alhamisi mchana Mwalimu Msafiri aliniita kwenye chumba kidogo cha vitabu. Daftari la mama Birgit lilikuwa wazi mezani, na mtu alikuwa amechora duara letu, nukta nukta, siku kwa siku. Nukta mbili zilitiwa rangi nyekundu. Popote ilipokuwa moja, nyingine ilikuwa upande wa pili kabisa.

"Luhaga, una nini na Mwalimu Bernadeta?"

"Sina kitu, Mwalimu."

"Mnagombana?"

"Hapana."

"Umemkosea?" Akanitazama sana. "Sema tu. Mama Birgit anadhani yule mama anakuogopa. Anasema amezoea kuona mambo ya namna hii kwao."

 Nikamwona Gladness akiambiwa mume wake alirudishwa kutoka Mwanza kwa kumtisha mwanamke mtu mzima, kisha akitajiwa ni mwanamke gani. Kinywa kilifunguka niseme kweli, niseme ni mkwe wangu, ni mama wa mke wangu, haniogopi mimi wala mimi simwogopi. Nikamkumbuka Chenge akishuka kwenye mawe. Nikafunga kinywa.

"Hatuna tatizo, Mwalimu," nikasema.

"Vizuri. Basi kesho mtatuonyesha." Akalifunga daftari. "Afisa kutoka wizarani atakuwepo. Mtakaa viti viwili mbele ya ubao, mshikane mikono, mtazamane dakika nzima, halafu mmoja amweleze mwenzake jambo analoliogopa katika ufundishaji. Atakayeshindwa nitamwandika hawezi mbinu mpya. Ripoti ni moja tu, Luhaga, haiandikwi mara mbili."

Usiulize kama nililala. Ijumaa nilifika mapema, nikakuta viti vimeshapangwa. Walivisogeza mno. Nilisimama nikavipima kwa macho, nikaona hata mtu akijikunja vipi magoti yatagusana. Mkononi nilikuwa nimeshika kitambaa na kilikuwa kimelowa. Afisa alikuja na jalada la kijani, akakaa karibu na dirisha, hakutaja jina na hakuna aliyemuuliza. Mama Birgit alimtabasamia kila mtu. Siwezi kumchukia mama yule. Alikuwa akiamini anaponya kitu.

"Mwalimu Luhaga, Mwalimu Bernadeta, karibuni."

 Wale wasio Wasukuma walikuwa wakinyoosha shingo waone vizuri. Wetu walikuwa wakitazama sakafu. Mzee Mashimba, mwalimu mkongwe kuliko wote, aliinuka akatoka nje bila kuomba ruhusa, kwa sababu kuna vitu mtu wa umri wake hapaswi kuviona. Ngosha alijifunika uso kwa kiganja.

Nilikwenda. Nataka uelewe kwamba nilikwenda. Nilikuwa nimejiambia asubuhi ile kwamba nitakataa, kwamba nitasema lolote, kwamba kazi ni kazi na heshima ni heshima. Lakini nilipoliona jalada la kijani niliona watoto wangu watatu wamekaa juu yake. Miguu ilinipeleka. Nikakaa kwenye kiti cha kushoto. Nikasikia vile viatu vya kamba vikija, taratibu, vikisimama mbele yangu, na macho yangu yakabaki kwenye kamba zake kwa sababu hayakuwa na pengine pa kwenda.

"Shikaneni mikono," akasema mama Birgit kwa upole.

Nikaunyoosha mkono wangu wa kulia.

Sikusukumwa na mtu. Ulinyooka wenyewe, ukakaa pale hewani, kiganja juu, ukisubiri. Nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Nikawaza, Mungu wangu, nitamshika, sasa hivi nitamshika.

"Mimi sitaki."

Ilikuwa sauti ya mkwe wangu, sauti ya darasani, ile inayofika hadi dawati la nyuma.

"Mwalimu Bernadeta, usiogope," akasema mama Birgit. "Kama huyu kaka..."

"Simwogopi huyu. Simjui. Nimefundisha miaka ishirini na sita kwa ubao na fimbo, na watoto wangu wanajua kusoma. Sitaanza leo kuchezea mikono ya vijana. Mbinu zenu sizitaki. Niandikeni."

Uongo mtupu. Gladness amenieleza mara nyingi kwamba mama yake hajawahi kumpiga mtoto darasani, na kwamba wa darasa la kwanza huwapakata. Afisa alifungua jalada lake, akaomba jina litamkwe vizuri, na yeye akalitamka, silabi kwa silabi, kama anayewasomesha imla. Kisha viatu vikageuka. Nikavisikia vikitoka mlangoni na kushuka kwenye mawe.

Mkono wangu ulikuwa bado uko hewani.

Mama Birgit alibaki ameduwaa, halafu, nadhani kwa kunionea huruma, akaja akakaa yeye kwenye kile kiti. Magoti yake yakagusa yangu. Akaushika ule mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, na nikagundua vinatetemeka kidogo, na kwamba anajilazimisha asirudi nyuma. Tukatazamana dakika nzima, waoga wawili. Nikaambiwa nitaje ninachokiogopa. Nikasema naogopa kumsogeza mtu mahali ambapo hawezi kukaa. Machozi yalinitoka. Afisa aliandika. Baadaye Mwalimu Msafiri alinipa mkono, akaniambia wizara imefurahishwa sana na ukweli wangu.

Orodha ya waliopunguzwa kazi ilitoka Januari. Jina la Mwalimu Bernadeta lilikuwamo na langu halikuwamo. Katika maelezo walimwandika mkaidi, asiyebadilika. Aliacha nyumba ya shule akarudi kwenye boma lake, na pale kijijini watu walishangaa, maana walimjua.

Gladness alijua yote. Ngosha hakusema, nilisema mimi. Hakunigombeza. Alikaa siku mbili bila kuongea nami, siku ya tatu akaniambia nenda ukashukuru, lakini nenda peke yako. Nilikwenda Jumamosi moja asubuhi. Nilisimama nje ya jiko lake, nikageukia ua, ukuta wa udongo ukiwa kati yetu. Ndani kisu kilikuwa kikikata mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Kija. Watoto wazima?"

"Wazima. Mama, nimekuja kushukuru. Umeokoa kazi yangu."

Kisu kikasimama.

"Kazi yako uliiokoa mwenyewe," akasema. "Mkono wako niliuona."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikautia mkono ule mfukoni.

"Ungenishika," akaendelea, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Ningechelewa kidogo tu ungenishika, ripoti yako ingekuwa nzuri, yangu pia. Halafu Gladness angekuwa na mume asiyeweza kusimama hapo uliposimama. Mimi niliokoa hapo uliposimama. Usinishukuru kwa kingine."

"Niliogopa, mama."

"Najua. Hata mimi niliogopa." Kisu kikaanza tena. "Siku hizi watoto unawakalisha vipi?"

"Kwa duara. Wawili wawili. Wakaguzi huja kuangalia."

"Yupo anayerudisha kiti nyuma?"

Nikamfikiria binti mmoja wa darasa la sita, ambaye kila siku nasogeza kiti chake kwa mguu na kila siku nakikuta kimerudi. "Yupo mmoja."

"Unamfanyaje?"

"Namsogeza."

Nikasikia kisu kikiwekwa chini. "Usimsogeze tena," akasema. "Muulize kwanza yule uliyemkalisha naye ni nani kwake."

Alitoka akaweka sahani chini karibu na mlango, ugali na mboga, na mimi nikageukia ukuta mpaka nyayo zake zilipopotea nyuma ya nyumba. Nilikaa nikala, nyumba nimeipa mgongo kama inavyotakiwa, kwa mkono wangu wa kulia, ule ule.